Video za mtandaoni: Mahali pa kuzihifadhi na nafasi katika utafutaji

Wenye tovuti wengi huamini kwamba wakikodi mtandao wa kusambaza maudhui kwa ajili ya video zao, kurasa zao zitapanda juu katika matokeo ya Google. Imani hiyo ina ukweli nusu tu.

Mtandao wa aina hiyo ni kundi la seva zilizotawanywa katika miji mbalimbali duniani, kila moja ikiwa na nakala ya faili ileile. Mtazamaji aliyeko Nairobi huhudumiwa na seva iliyo karibu naye, badala ya ile ya asili iliyoko, tuseme, London. Kampuni ya Akamai, mmoja wa waasisi wa biashara hii, ilianzishwa mwaka 1998 nchini Marekani na Tom Leighton, mwalimu wa hisabati, pamoja na mwanafunzi wake Daniel Lewin, aliyeuawa katika mashambulizi ya Septemba 11, 2001.

Kwa Afrika Mashariki, ukaribu huo una uzito wake. Kutoka London hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 7,000. Kabla ya mkonga wa Seacom kufika mwaka 2009, mawasiliano mengi ya intaneti yalipitia setilaiti zilizo kilomita 36,000 angani. Mkonga ulipunguza kuchelewa huko, lakini haukuondoa umbali. Mwezi Mei 2024, mikonga ya EASSy na Seacom ilipokatika, watumiaji wa Tanzania na nchi jirani walionja tena adha ya zamani.

Kasi ina nafasi gani?

Google ilitangaza mwaka 2010 kwamba kasi ya tovuti ni miongoni mwa vigezo vya kupanga matokeo, na mwaka 2018 ikakipeleka kigezo hicho kwenye simu za mkononi. Mwaka 2021 vikaongezwa vipimo vingine, kikiwemo muda unaopita hadi sehemu kubwa kabisa ya ukurasa ionekane: inapendekezwa usizidi sekunde 2.5.

Hapo nakala ya karibu husaidia. Hata hivyo, kule kukodi mtandao hakuipi tovuti alama yoyote, na ukurasa mwepesi usiojibu swali la msomaji hautaushinda ule unaolijibu.

Mlango uliofungwa

Hatari kubwa iko kwingine, nayo haizungumzwi sana. Ili kuzuia wizi wa video, mitandao mingi hutoa anwani za muda, zinazokwisha baada ya saa chache. Mtazamaji hatambui lolote. Lakini programu ya Google inayozunguka kusoma kurasa huandika anwani leo, ikirudi kesho inakuta mlango umefungwa. Google yenyewe imewaonya wenye tovuti kwamba anwani za namna hiyo, za video au za picha yake ndogo ya utangulizi, zaweza kuifanya video isiingizwe kabisa katika orodha. Mwenye mali amelipia kasi, akanunua kutoonekana!

Vizuizi vya kijiografia navyo vina athari kama hiyo. Programu hiyo husoma kurasa hasa kutokea Marekani. Kituo kinachofungia video zake ndani ya Kenya, kwa sababu za haki za matangazo, huenda kimeifungia nje Google pamoja na Wakenya walioko Muscat na Minneapolis.

Dawa yake ni anwani isiyobadilika kwa faili na kwa picha, au ruhusa maalumu kwa programu ya Google baada ya kuthibitisha kuwa ni yenyewe.

Nani huvuna?

Faili likikaa kwenye seva ya wengine, sifa haihami: kinachopangwa katika matokeo ni ukurasa ambamo video hutazamwa. Kwa YouTube hali ni tofauti, maana kila video ina ukurasa wake huko, na ukurasa huo hushindana na ule wa mwenye kazi. Google iliinunua YouTube mwaka 2006 kwa dola bilioni 1.65.

Tangu Desemba 2023, sehemu ya video katika utafutaji wa Google huonyesha kurasa ambazo video ndiyo kiini chake. Iliyowekwa chini ya habari ndefu hupoteza nafasi hiyo, hata ikisambazwa na mtandao wa bei gani. Mwenye fedha kidogo angeanza kwa kuipa kila video ukurasa wake, ndipo afikirie seva. Ripoti ya video katika Search Console, huduma ya Google isiyolipiwa, humwonyesha ni zipi zilizokubaliwa, ni zipi zilizokataliwa, na kwa sababu gani.