SIGARA HAIJAWAHI KUWA DAWA: Kwa ndugu uliyeacha na mdomo bado unawaka



Ndugu yangu wa Kikwe uliyeuliza, na wewe mwingine popote ulipo uliyeacha sigara kwa ajili ya Allah lakini ulimi na midomo bado vinawaka kidogo kidogo kila siku, soma hadi mwisho. Najua unachoambiwa kijiweni: "Mwili umeshazoea moshi, vuta moja tu utapoa." Maneno hayo ni ya zamani kuliko babu wa babu yako. Ni vizuri ujue yalikotoka.

Tumbaku haikuwepo Makka, wala Ulaya, wala kwetu. Ni mmea wa bara la Amerika, na Wahispania na Wareno waliutoa huko baada ya mwaka 1492. Kilichoufungulia milango ni jina la dawa. Mwaka 1560 Jean Nicot, balozi wa Ufaransa kule Ureno, aliipeleka tumbaku kwa wakubwa wa nchi yake kama tiba. Neno nikotini limetokana na jina lake. Kisha tabibu wa Seville, Nicolás Monardes, akaandika kuisifu kuwa inaponya maradhi mengi, hata maumivu ya kichwa na ya meno. Watu wakaamini.

Ilipofika nchi za Waislamu, karibu na mwaka 1600, ulamaa walitofautiana. Pale Misri, wanazuoni wawili wa madhehebu moja ya Maliki walipingana: Sheikh Ibrahim al-Laqani aliikataza, na Sheikh Ali al-Ajhuri akaona inaruhusiwa kwa asiyedhurika nayo, kwa kuwa haiondoi akili. Kule Istanbul, Sultan Murad IV aliipiga marufuku mwaka 1633 na wavutaji wakauawa. Upanga haukuimaliza.

Usiwadharau walioiruhusu. Walihukumu kwa kilichoonekana zama zao. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza walionyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu, na mwaka 1964 Marekani ikatoa ripoti yake. Madhara yalipothibitika, wanazuoni wengi wakasema wazi kuwa ni haramu, kwani dini yetu inakataza kujidhuru na kudhuru wengine, na aya ya 195 ya Suratul Baqara inatuonya tusijitie wenyewe katika maangamizi. Nchi yetu nayo ilitunga Sheria ya Bidhaa za Tumbaku mwaka 2003.

Basi anayekuambia uvute ili upoe anakuuzia ileile dawa ya Monardes.

Sasa huo moto unatoka wapi? Moshi hupunguza hisia za ulimi. Ukiacha, hisia zinarudi, na pilipili, ndimu na chai ya moto unavisikia upya. Wengi hupata vidonda vidogo mdomoni wiki za mwanzo, kisha vikapona. Bazoka na pipi za nikotini nazo huweza kuwasha. Lakini ukiwaka kwa miezi, usiseme ni sigara tu. Kinywa kikavu, fangasi, upungufu wa madini ya chuma au vitamini B12, na kisukari vyote huweza kuleta hali hiyo, na vingi vinatibika vikijulikana.

Wala usihamie ugoro kwa kuwa wazee wanautumia. Ni tumbaku ileile, tena mara nyingi imechanganywa na magadi, nayo magadi yanachoma kinywa.

Kunywa maji mara kwa mara. Punguza pilipili na vitu vikali. Acha dawa ya kusukutua yenye spiriti. Nenda kituo cha afya upimwe damu na sukari, na umwone daktari wa meno. Ukiona kidonda kisichopona kwa wiki tatu, uvimbe, au doa jeupe au jekundu lisilotoka, usingoje hata siku moja. Mwambie daktari ulivuta miaka mingapi, usifiche.

Ndugu yangu, ilichukua zaidi ya miaka 300 watu kuujua ukweli wa tumbaku. Usiubadilishe ukweli huo kwa pafu moja la kijiweni. Subira yako katika maumivu haya ina malipo, in shaa Allah, na kutafuta tiba ni katika Sunna.

Allah akuthibitishe, akuponye, na awape nguvu wanaotaka kuacha. Aamin.

Wallahu a'lam. Mtumie ndugu mmoja aliyeacha wiki hii.