Kamera ya Kwanza ya Kazi Haijawahi Kuwa Mpya

Siku ya mahafali hapa Chuo Kikuu cha Kabianga huhitaji kuangalia kalenda. Unaona tu matatu zikifika zimejaa kutoka Kericho na Bomet, akina mama wamebeba mataji ya karatasi zinazometameta, na pale getini wapiga picha wamejipanga kama watu wa bodaboda. "Mama, picha moja na mwanao? Unapata saa hii hii."

Siku kama hiyo ndiyo msee mmoja tuliyesoma naye aliniuliza, "Buda, nataka kuingia hii kazi. Ninunue kamera gani?" Kabla nifungue mdomo, akaniambia ameshaona moja mpya kabisa, na pesa atatoa kwa mkopo wa simu. Ati atalipa na picha za Disemba.

Nilimwambia ngoja, nitakuandikia. Jibu langu ni refu kidogo na linaanzia Zanzibar.

Mwaka 1868 A. C. Gomes alifungua studio ya picha Zanzibar. Hiyo ni moja ya studio za kwanza kabisa upande huu wetu wa Afrika. Fikiria vifaa vya wakati huo: sanduku kubwa la mbao, vioo vilivyopakwa dawa, chumba cha giza. Huwezi kubeba hiyo kwa bodaboda. Aliyekuwa na kamera alikuwa mtu mwenye mtaji, na aliyepigwa picha alikuwa mtu mwenye cheo au pesa. Miaka ya mwisho ya karne hiyo reli ikaanza kupanda kutoka Mombasa, na mpiga picha William D. Young akaifuata akiipiga picha. Watu wa huku bara tuliingia kwenye picha mapema, lakini kamera ilikuwa mkononi mwa mgeni, na picha zikaondoka naye.

Halafu mwaka 1900 kampuni ya Kodak ya Marekani ikatoa kitu kilichoitwa Brownie. Kaboksi tu, na bei yake ilikuwa dola 1. Wataalamu wa studio hawangeiona kama kamera ya kazi. Lakini ni hivyo viboksi vilivyofanya mtoto wa mtu wa kawaida aweze kushika kamera.

Mtoto mmoja wa hao anaitwa Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na kamera yake ya kwanza ilikuwa Box Brownie iliyokuwa imeshatumiwa na mtu mwingine. Mtumba. Mwaka 1963, akiwa bado kijana wa miaka 20 hivi, alianzisha kampuni yake ya Camerapix. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia zilionyeshwa na BBC na dunia nzima ikasimama. Tamasha la Live Aid la mwaka 1985 lilitokana na moto huo. Mtu aliyeanza na kaboksi ka mtumba.

Sasa usiniambie huyo alikuwa na kipaji cha ajabu na wewe unataka tu kulipa rent. Sawa. Twende Lamu. Kulikuwa na mzee anaitwa Omar Said Bakor. Alijifunza mwenyewe, akapiga picha mitaani kwa miaka, na ni baadaye, miaka ya 1960, ndipo akawa na studio yake, Bakor Studio. Alikuwa anakata na kuunganisha picha kwa mkono, mtu anatokea ndani ya ua au ndani ya redio, na watu walizipenda. Angalia mpangilio: barabara kwanza, studio baadaye. Hakuanza kwa kukodi nyumba na kununua taa.

Hata wale wapiga picha wa feri ya Likoni, Mombasa, miaka ya 1990, wengi wao wakiwa watu waliotoka bara, walishindana kwa vitambaa vya nyuma: ndege, meli, majumba ya kifahari. Mteja hakuuliza kamera ni ya aina gani. Aliuliza, "Nitatokea nikipanda ndege?"

Huku kwetu pia mambo yalikuwa hivyo hivyo. Uliza mama yako kuhusu mpiga picha wa enzi ya mkanda. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba baada ya bonasi ya chai, na kamera moja kuukuu, mkanda wa picha 36. Kila ukibonyeza, ni pesa imeenda. Ndiyo maana alikupanga wima, akakuambia ushike ua, akabonyeza mara moja tu. Mkanda ukiisha unapelekwa mjini kuoshwa, na wewe unangoja. Alidai nusu ya pesa mapema kwa sababu mkanda haukuwa wa mkopo. Huyo mzee alijua hesabu ambayo sisi tumesahau.

Tumeisahau kwa sababu ya dijitali. Mwaka 1991 Kodak ilitoa DCS, mashine ya kwanza ya aina ya DSLR kuuzwa madukani. Ilijengwa juu ya mwili wa Nikon F3, ilikuwa na megapikseli 1.3, na bei yake ilipita dola 20,000. Simu yako ya bei ya chini kabisa inaicheka. Kwa miaka 12 DSLR ilibaki kitu cha magazeti makubwa, mpaka Agosti 2003 Canon ilipotoa EOS 300D, ya kwanza kuuzwa chini ya dola 1,000. Mwaka uliofuata Nikon ikajibu na D70. Mwaka 2008 D90 ikawa DSLR ya kwanza kurekodi video. Mlango ukafunguka.

Unaona hiyo mashine ya mwisho wa mwaka 2003? Ilikuwa ndoto ya mtu. Leo huwezi kuiuza ukalipa hata koti la harusi. Kamera hushuka bei haraka kuliko gari, na anayelipia huo mteremko ni yule aliyenunua ikiwa mpya. Anayekuja baadaye ananunua kazi iliyobaki ndani yake. Hiyo ndiyo historia yote ya wapiga picha wadogo wa Afrika Mashariki kwa sentensi moja.

Na saa hii tuko kwenye mteremko mwingine. DSLR ina kioo ndani, kile kinachoruka na kulia "tak!" ukibonyeza. Canon na Nikon zimehamisha nguvu zao kwenye kamera zisizo na kioo, na wapiga picha wenye pesa wamezifuata. Wanauza za zamani. Wao wanaona takataka, wewe unafaa uone fursa.

Basi tununue nini? Kuna uamuzi wa mwaka 1987 ambao bado unagusa mfuko wako hapa Kabianga. Mwaka huo Canon ilibadilisha mdomo wa kamera zake, ikaanzisha lenzi za EF, kila moja ikiwa na mota yake ya kufokasi ndani. Wenye lenzi za zamani walikasirika vibaya. Lakini matokeo yake ni kwamba lenzi yoyote ya EF ya Canon tangu 1987 itaingia na kufokasi yenyewe kwenye 600D ya 2011 au 700D ya 2013. Nikon ilibaki na mdomo wake wa tangu 1959, na mota ya lenzi nyingi za zamani inakaa kwenye mwili wa kamera. Shida ni kwamba miili ya bei ya chini, kama D3100, D3200 na D5200, haina hiyo mota. Ukiwa na mwili kama huo, tafuta lenzi iliyoandikwa AF-S. Ukiuziwa ile ya 50mm yenye herufi D, utakuwa unafokasi kwa mkono huku bibi harusi anatembea. Watu wengi huumia hapo. Ukitaka lenzi za zamani za Nikon, panda hadi D90 au D7000.

Lenzi ndiyo nusu ya kamera, na kwetu huku ni zaidi ya nusu. Mnajua Kericho: asubuhi jua, saa nane mawingu, saa tisa mvua. Koito inafanyika ndani ya sebule au hema, taa ni moja. Ile 18-55mm inayokuja na kamera ikivutwa mwisho inafunguka f/5.6 tu. Ile 50mm ya f/1.8, lenzi ya bei nafuu kabisa ya Canon na ya Nikon, inaingiza mwanga karibu mara 10 zaidi. Ningependelea mwili wa zamani na hiyo lenzi kuliko mwili mpya bila hiyo lenzi. Ila baki na 18-55mm pia, kwa sababu wazee 20 hawaingii kwenye 50mm ndani ya sebule.

Ukifika Luthuli, au ukikutana na muuzaji wa ex-UK, usikimbilie kutoa M-Pesa. Uliza shata imepiga mara ngapi; D3200 au 60D ilitengenezewa takriban mara 100,000. Picha za Nikon hubeba hiyo hesabu ndani yake. Canon nyingi ndogo zinahitaji programu kwenye kompyuta. Mulika tochi ndani ya lenzi utafute kuvu, zile nyuzi kama utando wa buibui. Unyevu wetu unazilisha, kwa hivyo hata ukinunua safi, iweke kwenye chombo kinachofunga, pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu. Piga picha ya ukuta mweupe uone madoa. Jaribu betri.

Sitakudanganya, hizi mashine zina mipaka. Kwenye giza kabisa zinaleta chenga, na hazirekodi video zaidi ya dakika 30 mfululizo, na wazee wetu wakianza hotuba unajua. Kama una pesa taslimu ya kamera ya kisasa, nunua, sina wivu.

Lakini kama ni mkopo, fanya hesabu ya yule mzee wa mkanda. Tuseme mwili na lenzi mbili za mtumba ni 35,000, na koito moja inakuachia 5,000 baada ya nauli na kuprinti. Hiyo ni koito 7, karibu msimu mmoja. Tuseme ile mpya ni 120,000. Hiyo ni koito 24, bila riba. Weka namba zako mwenyewe, lakini hesabu ni hiyo hiyo. Mkopo wa simu unataka pesa kabla ya mwezi kuisha, na harusi za Kipsigis hazifuati kalenda ya mkopo.

Nilimtumia msee wangu haya yote. Akajibu, "Sawa, lakini wateja si wataniona na kamera ya zamani?"

Nenda nyumbani, buda. Chukua ile picha ya shosho iliyo ukutani, ile amesimama wima ameshika ua. Muulize ilipigwa na kamera gani.