Mbio Zisizo Mbio: Maneno Mawili ya Kusahihisha

Watangazaji wetu wengi huuita mchezo huu "mbio za kutembea". Jina limezoeleka, lakini linajipinga lenyewe. Anayekimbia hufika mahali miguu yote miwili ikawa hewani. Anayetembea haiachi ardhi. Na hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya mchezo: jicho la mwamuzi lisiione miguu yote ikiwa juu. Kanuni ya pili ni ya goti: mguu unaotangulia unyooke tangu unapogusa ardhi hadi mwili ufike wima juu yake. Warusi husema "sportivnaya khodba", yaani mwendo wa kimichezo. Wafaransa husema "marche athlétique". Mbio hazimo.

Mtazame Olga Kaniskina, mwanariadha Mrusi wa mchezo huu. Alizaliwa Mordovia, nchini Urusi, mwaka 1985, akafunzwa Saransk chini ya kocha Viktor Chegin. Mwaka 2007 alitwaa ubingwa wa dunia Osaka. Mwaka 2008, jijini Beijing, alimaliza kilomita 20 kwa saa 1, dakika 26 na sekunde 31, akaweka rekodi ya Olimpiki. Hiyo ni chini ya dakika 4 na sekunde 20 kwa kila kilomita, kasi ambayo wengi wetu hatuiwezi hata tukikimbia. Ugumu wa kazi yake ulikuwa hapo hasa: kwenda kasi hiyo bila kukimbia. Neno "mbio" linaufuta ugumu huo.

Neno la pili linahusu anguko lake. Sisi husema "dawa za kusisimua misuli". Magazeti ya Kenya yana neno fupi zaidi, "pufya". Lakini kesi ya Kaniskina haikuwa ya misuli. Ilijengwa juu ya pasipoti ya kibiolojia, rekodi ya vipimo vya damu vinavyolinganishwa kwa miaka, na damu yake ilionyesha mabadiliko yasiyo ya kawaida. Alifungiwa, kisha mwaka 2016 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikafuta matokeo yake ya kuanzia Agosti 2009 hadi Oktoba 2012. Zikaenda dhahabu za dunia za Berlin na Daegu, na fedha ya Olimpiki ya London. Ya Berlin ilimwendea Olive Loughnane wa Ireland, aliyekuwa wa pili. Chegin naye alifungiwa maisha.

Msomaji anayeambiwa "misuli" atatafuta kifua kilichotuna, asikione, aamini mwanariadha ameonewa. Katika michezo ya masafa marefu, damu ndiyo hubeba oksijeni, na udanganyifu hulenga damu.

Istilahi njema hubeba kanuni ya jambo linalotajwa. Napendekeza "mwendo wa riadha" kwa mchezo, na "udanganyifu wa damu" pale kosa linapokuwa la damu. Waandishi na watangazaji, anzeni kuyatumia: msikilizaji hawezi kuhukumu kwa haki jambo aliloelezwa kwa jina lisilo lake.