Tohara Ambayo Mungu Hakuiagiza

Neno letu la leo latoka Mwanzo 17. Hapo Ibrahimu aliagizwa tohara, nayo ilikuwa ya wanaume tu. Hata hiyo, mitume katika Matendo 15 hawakuwatwika watu wa Mataifa. Hakuna andiko linaloagiza msichana akatwe.

Basi ukeketaji ni desturi ya wanadamu, nao huleta kutokwa na damu nyingi, maradhi, taabu wakati wa kuzaa, pengine kifo. Je, Kanisa limeupingaje?

Mwaka 1929, kule Kikuyu, misheni ya Kiskoti chini ya Dakta John Arthur iliwataka Wakristo waahidi kuuacha. Wengi wakatoka, wakaanzisha shule na makanisa yao. Ardhi ilikuwa imekwisha kuchukuliwa, nao waliona sasa mila nayo inachukuliwa. Mwaka 1956, kule Meru, wazee wa Njuri Ncheke wakaupiga marufuku. Wasichana wakanunua nyembe, wakakatana wao kwa wao. Waliitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe".

Kwa nini? Msichana asiyekatwa alihesabiwa mtoto, hana heshima, hana mchumba. Amri ilikataza kisu, lakini haikumpa heshima nyingine.

Mwaka 1996, kule Tharaka, jamaa kadhaa walijaribu njia nyingine. Mabinti walitengwa, wakafundishwa mambo ya utu uzima, wakatoka kwa sherehe na zawadi, bila kukatwa. Mwaka 2011 sheria ikakataza ukeketaji nchini kote. Mwaka 1998 wanawake 38 katika kila 100 nchini Kenya walikuwa wamekeketwa; mwaka 2022 walikuwa 15.

Sisi wa Kinango tusijisifu kwamba hii si mila ya Waduruma wala Wadigo. Jirani zetu Wataita walianza kuhubiriwa na misheni yetu ya Kianglikana kule Sagalla mwaka 1883, na bado mabinti wa Wakristo walikatwa, wengine wakiwa wachanga. Injili ilihubiriwa kanisani, lakini jambo hili likaachwa kwa nyanya na wakunga.

Mama anayekataa binti yake akatwe huchekwa kisimani na kusemwa na mawifi. Je, Umoja wa Kina Mama utasimama naye? Na wewe kijana, utamwoa binti huyo kwa heshima? Sheria imekwisha kumlinda mwili; heshima yake imo mikononi mwetu.

Bwana atupe ujasiri. Amina.