Kutolewa ku mstari na kupekuliwa uwanjani: sababu, sheria na haki za msafiri

Mkaaji wa Kivu ao Ituri anayesafiri inchi za mbali anajua kupekuliwa mbele hata ya kuona ndege. Ameisha kupita bariera za barabarani na biro za mpakani. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ufungwe juu ya vita ya mwezi wa kwanza 2025, wengi wanapandia Kigali ao Entebbe, na hiyo inaongeza mpaka mwengine mbele ya safari yenyewe.

Lakini kuko upekuzi mwengine unaouma zaidi. Watu mia wanapita, na mmoja tu anaitwa pembeni. Valizi inafunguliwa mbele ya macho ya wote, mikono inapanguzwa na kitambaa kidogo, maulizo yanaanza: unaenda wapi, nani alinunua tike, feza hizi zilitoka wapi. Wanaporudi nyumbani, wengi wanaficha jambo hilo kama vile walifanya kosa.

Kupekuliwa si kushitakiwa. Ila tena, si kila upekuzi unafuata sheria. Kutofautisha hayo mawili kunaomba kujua kwanza ni nani anapekua, na anatafuta nini.

Milango mine, kazi mine

Ku uwanja wa ndege, msafiri anakutana na watu wa kazi mbalimbali. Nguo zao zinaweza kufanana, lakini sheria zao hazifanani.

Wa kwanza ni watu wa usalama wa ndege. Hao wanapekua mbele ya kupanda, na wanatafuta silaha, bomu na vitu vinavyoweza kuwaka. Kazi yao inatokana na Mapatano ya Chicago ya mwaka 1944, sehemu ya ziada ya 17, iliyokubaliwa mwaka 1974. Kila inchi iliyotia sahihi, Kongo pia, inapaswa kupekua wasafiri na mizigo ya mkononi. Hapa hakuna wa kuachiliwa: anayekataa kupekuliwa hapandi ndege.

Wa pili ni polisi wa mpaka, wale wa paspoti na viza. Wanataka kujua kama msafiri iko na haki ya kuingia, anakuja kufanya nini, atalala wapi, na kama feza zake zitamtosha.

Wa tatu ni watu wa duane. Hao wanatafuta madawa ya kulevya, feza zisizotangazwa, zahabu, nyama na bidhaa zisizolipiwa kodi.

Wa ine ni watu wa afya. Wanaomba karti ya njano ya chanjo ya homa ya manjano na wakati mwengine wanapima joto la mwili. Watu wa Kivu ya Kaskazini na Ituri wanakumbuka hiyo tangu Ebola ya 2018 mpaka 2020. Kupimwa hivyo hakumaanishi kama mtu anashukiwa mambo ya jinai.

Sheria zilikuja moja moja

Karibu kila jambo linaloombwa leo lilitokana na shambulizi fulani. Kisha tarehe 11 mwezi wa tisa 2001, Marekani iliunda shirika la serikali la kulinda safari, TSA. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huohuo, Richard Reid alijaribu kulipua ndege na baruti iliyofichwa ndani ya kiatu. Njo maana watu walianza kuvua viatu. Marekani iliondoa kanuni hiyo mwezi wa saba 2025 tu. Mwaka 2006, polisi ya Uingereza ilivunja mpango wa kulipua ndege na baruti ya maji, na kutoka hapo ikaja kanuni ya chupa zisizopita mililita 100.

Tarehe 25 mwezi wa kumi na mbili 2009, Umar Farouk Abdulmutallab, kijana wa Nigeria, alijaribu kulipua ndege iliyotoka Amsterdam kwenda Detroit. Baruti ilikuwa ndani ya nguo zake za ndani. Mashini za kuangalia mwili mzima zikaenea haraka. Mwezi wa kwanza 2010, Marekani iliamuru wasafiri wa inchi 14, kati yao Nigeria, Somalia na Sudan, wapekuliwe zaidi juu ya paspoti yao tu. Kongo haikuwa kati yao. Amri hiyo haikudumu: mwezi wa ine mwaka huohuo iliachwa, na pahali pake wakaweka kuchagua watu kufuatana na habari zilizokusanywa na idara za usalama.

Juu gani huyu na si yule?

Kuko sababu tano ambazo mtu anaweza kukutana nazo.

Ya kwanza ni bahati. Mashini ao ofisa anachagua mtu bila kuangalia ni nani, sawa vile kura inapigwa. Hiyo inasaidia ili mwenye nia mbaya asijue mbele nani atapita bure.

Ya pili ni mashini yenyewe. Ile ambamo mtu anainua mikono inaonyesha mahali ambapo kuna kitu kisichoeleweka. Misuko minene, nywele za kuongezwa na kilemba cha kitenge vinaweza kuiamsha. Njo sababu wanawake wengi weusi wanashikwa-shikwa kichwa kila safari. Wakubwa wa usalama wa Marekani wenyewe wamekubali kwamba nywele na vitambaa vya kichwani vinasumbua mashini hizo.

Ya tatu ni jina. Mwaka 2004, seneta wa Marekani Edward Kennedy alieleza kwamba alizuiwa uwanjani mara kadhaa kwa sababu jina lake lilifanana na lingine lililokuwa ku orodha. Hata Nelson Mandela, pamoja na wakubwa wengine wa ANC, walihitaji ruhusa ya pekee ili kuingia Marekani mpaka sheria ilipobadilishwa mwezi wa saba 2008. Kwa Wakongomani kuko shida nyingine: paspoti iko na majina matatu, na mara nyingi tike inaandikwa na mawili, ao yamegeuzwa. Majina yasipolingana, maulizo yanaanza.

Ya ine inahusu safari za kwenda Marekani. Herufi SSSS zikiandikwa ku karti ya kupandia ndege, msafiri amechaguliwa tayari kupekuliwa zaidi. Wakati mwingi dalili ya kwanza ni kushindwa kutoa karti hiyo mwenyewe ku intaneti. Sababu haielezwi.

Ya tano ndiyo inayoleta ugomvi: sura. Ofisa anaona mtu mweusi, ao paspoti ya inchi fulani, na anaamua.

Mtu aliyezaliwa Kinshasa alipeleka neno ku tribinali

Mpanzu Bamenga alizaliwa Kinshasa na akakomalia Uholanzi. Mwaka 2018 alikuwa mshauri wa mji wa Eindhoven. Siku moja mwezi wa ine alishuka ku uwanja wa mji huohuo, akitoka Roma. Polisi ya kijeshi inayolinda mipaka ya Uholanzi ilimtoa ku mstari ili kuangalia makaratasi yake. Aliona wengine waliotolewa pia hawakuwa wazungu.

Alipeleka mashitaka ku polisi hiyo. Katika majibu ilijulikana kwamba alifanana na picha waliyokuwa nayo ya watu wanaopitisha feza kwa siri: mwanaume aliyevaa vizuri, anayetembea haraka, asiye na sura ya Kiholanzi. Kwa maneno mengine, suti na haraka za mtu wa kazi ziligeuka kuwa alama ya wizi juu ya rangi ya mwili wake.

Yeye pamoja na mashirika ya haki za binadamu, kati yao Amnesty International, wakaenda mbele ya tribinali ya La Haye. Mwezi wa tisa 2021 walishindwa: waamuzi walisema rangi inaweza kuwa alama moja kati ya zingine. Hawakuacha. Tarehe 14 mwezi wa pili 2023, korti ya rufaa iligeuza hukumu hiyo na kusema kwamba, katika ukaguzi wa namna ile, polisi hairuhusiwe kuchagua mtu ikihesabu asili ao rangi yake. Mwisho wa mwaka huohuo Bamenga aliingia bungeni.

Mwaka mmoja kisha, tarehe 20 mwezi wa pili 2024, Korti ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona kosa la Uswisi katika kesi ya Mohamed Wa Baile, Mswisi mwenye asili ya Kenya. Polisi walikuwa wamemsimamisha ku stesheni ya treni ya Zurich mwaka 2015.

Kuchagua kwa sura kunapata nini?

Wenye kutetea mazoea hayo wanasema yanasaidia kukamata wahalifu. Hesabu za duane ya Marekani zinaonyesha tofauti. Mwezi wa tatu 2000, ofisi inayochunguza hesabu za serikali ya Marekani ilitoa ripoti juu ya mwaka 1998. Iligundua kwamba wanawake weusi raia wa Marekani, kisha kupapaswa mwilini, walikuwa wanapitishwa ku radio, yaani kupigwa picha ya ndani ya mwili, mara 9 kuliko wanawake wazungu raia wa inchi hiyo. Lakini walikutwa na vitu vya magendo chini ya nusu ya vile wanawake wazungu walikutwa navyo.

Duane hiyo ilibadilisha kazi. Alama 43 za kumshuku msafiri zilipunguzwa kuwa 6, na maofisa wakaombwa kuangalia matendo kuliko sura. Hesabu ya upekuzi ilishuka kwa zaidi ya theluthi mbili, na sehemu ya waliopekuliwa na kukutwa kweli na kitu ikapanda. Walipekua watu wachache, wakakamata vizuri zaidi.

Haki za anayeitwa pembeni

Kutii ni kwa lazima, lakini kuuliza kunaruhusiwa. Katika Ulaya ya Schengen, sheria ya mipaka inakataza polisi kubagua mtu kwa rangi, asili ao dini, na inaomba heshima ya mtu ilindwe. Mgeni anayepelekwa kwenye ukaguzi wa pili iko na haki ya kupata karatasi, katika luga anayoelewa, inayoeleza sababu na namna ya ukaguzi. Anaweza kuomba ufanyike pa siri kama mahali panaruhusu. Anaweza tena kuomba jina ao namba ya kazi ya ofisa. Akikataliwa kuingia, lazima apewe uamuzi ulioandikwa wenye sababu, na iko na haki ya kukata rufaa.

Ku usalama wa viwanja vya Marekani, anayeshikwa mwilini anashikwa na mtu wa jinsia yake. Anaweza kuomba chumba cha pembeni, na mwenzake wa safari amsindikize. Ila mpakani maofisa wanaweza kuangalia telefone, na mgeni anayekataa anaweza kurudishwa.

Mzaha juu ya bomu haufai popote: inchi nyingi zinauhesabu kuwa kosa la sheria.

Mizigo ya kwetu inayochelewesha watu

Mafasi mengine shida inatoka ndani ya sakoshi. Mafuta ya mawese yanahesabiwa kama maji: chupa inayopita mililita 100 iwekwe katika valizi inayoenda chini ya ndege. Unga wa muhogo pia unaweza kusimamisha mtu. Kwa safari za Marekani, unga unaopita mililita 350 hivi ndani ya mzigo wa mkononi unaangaliwa zaidi. Nyama na maziwa kutoka inje ya Ulaya hayaruhusiwe kuingia kule, na nyama ya pori inaleta kesi. Kwa wanaopitia Kigali, mifuko ya plastiki imekatazwa Rwanda tangu 2008.

Wafanyabiashara wanaobeba feza taslimu wakumbuke kwamba kuzibeba si kosa. Kosa ni kuzificha. Ulaya inaomba kutangaza kuanzia euro 10.000, Marekani inapopita dola 10.000. Tangu mwezi wa sita 2021, Ulaya inahesabu pia vipande vya zahabu safi kuwa kama feza. Risiti ao karatasi ya benki inamaliza maulizo mengi.

Kisha kupekuliwa

Aliyeona amechaguliwa juu ya rangi aandike siku ileile: tarehe, saa, mlango, namba ya safari, namba ya ofisa, maneno yaliyosemwa, na watu wengine waliotolewa walikuwa wa namna gani. Mashitaka yanapelekwa kwanza kwa idara iliyofanya upekuzi, si kwa kampuni ya ndege. Kwa anayezuiwa kila mara juu ya jina, Marekani iko na ombi linaloitwa DHS TRIP, linalojazwa bure ku intaneti. Kisha kuchunguzwa, mtu anapewa namba ya kuweka ku tike zinazofuata.

Jibu linaweza kukawia, na mara nyingi linakuja kavu. Hata hivyo liwekwe vizuri pamoja na tike na karti ya kupandia. Katika kesi ya Eindhoven, ni majibu ya polisi wenyewe kwa mashitaka ya kwanza yaliyoonyesha waamuzi namna watu walikuwa wanachaguliwa.