Laini Mbili

Historia ya simu janja kwa kawaida husimuliwa kutoka California na Finland. Januari 2007 Steve Jobs anapanda jukwaani na iPhone. Nokia, wakati huo ikiuza simu nyingi kuliko kampuni yoyote duniani, inachelewa kuamka. Februari 2011 mkuu wake, Stephen Elop, anatangaza ushirika na Microsoft. Aprili 2014 biashara yake ya simu inakabidhiwa kwa Microsoft moja kwa moja. Skrini ya kugusa imeshinda vitufe. Sibishi kwamba hayo yalitokea. Ninachobisha ni kwamba hayo ndiyo yaliyoiondoa Nokia Kariakoo.

Kwetu hadithi inaanzia kwenye bei ya dakika. Kupiga simu ndani ya mtandao wako kulikuwa na nafuu. Kuvuka kwenda mtandao mwingine kulikuwa ghali, kwa kuwa mtandao unaopiga humlipa yule anayepokea. Watu hawakuandamana. Walinunua laini nyingine. Ukawa na Tigo ya kupigia stori, Voda kwa ajili ya M-Pesa iliyoingia nchini 2008, na kama una ndugu Unguja, Zantel. Kila laini ilikuwa na watu wake, na ukiwa kwenye hii, wale wa ile hawakupati.

Shangazi yangu, muuza vitenge pale Morogoro, alikuwa na laini mbili na kitochi kimoja. Laini ya pili aliifunga kwenye pindo la kanga pamoja na hela. Jioni, akishafunga biashara, alifungua mfuniko, akatoa betri, akabadilisha. Mwaka 2009 kaka yake alizidiwa ghafla huko Kilosa, na waliomtafuta shangazi walipiga ile iliyokuwa kwenye pindo. Alipoiweka jioni ile, meseji ziliingia mfululizo. Ya kwanza ilimwambia awahi. Ya mwisho ilimwambia maziko ni kesho saa saba.

Ninapowasikia wachambuzi wakisema Mwafrika alizifuata simu za Kichina kwa sababu ya bei tu, humkumbuka yeye.

Nokia ilitangaza simu yake ya laini mbili, C1-00, Juni 2010. Hata hiyo ilikuwa ya nusu nusu: laini moja tu ndiyo ilikuwa hewani kwa wakati, na kuhamia nyingine ilibidi ubonyeze kitufe na kukishikilia. Shangazi angekuwa palepale, tofauti ni kwamba betri isingetoka. C2-00, iliyoacha laini zote mbili wazi, ilifika 2011. Kufikia hapo Tecno, kampuni ya Kichina iliyoanza 2006, ilikuwa imeshauza simu za laini mbili Afrika kwa miaka kadhaa. Tuliwacheka waliozinunua. "Mchina huyo," tulisema, kwa ile spika yake ya kuamsha mtaa mzima.

Kwenye simu janja mambo yakajirudia. Nokia ikaleta Lumia, simu nzuri kwa kweli, yenye umbo safi na kamera nzuri, lakini Lumia ya kwanza ya laini mbili, 630, ilitangazwa Aprili 2014, mwezi uleule kampuni ilipokuwa inakabidhiwa kwa Microsoft. Apple, kwa taarifa yako, ilifika huko Septemba 2018.

Mwaka huohuo wa 2014, boom lilipoingia, nilikwenda Mtaa wa Aggrey kununua simu yangu ya kwanza ya kuperuzi. Muuzaji aliniwekea mbili mezani: Lumia ya laini moja iliyotumika kidogo na Tecno mpya ya Android. Hakunieleza prosesa wala megapikseli. Aliuliza, "Laini zako ngapi?" Nikachukua Tecno.

Jambo la ajabu ni kwamba sababu ya mwanzo ilikuwa inafifia. Machi 2013 TCRA ilishusha malipo ya kuunganisha mitandao hadi shilingi 34.92 kwa dakika. Laini ya pili haikutoka, maana vifurushi vilishachukua nafasi: laini hii ina bando la intaneti, ile ina dakika, na wiki ijayo ofa inageuka. Simu ya laini moja ingekulazimisha kuchagua bando au watu.

Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia. Kabla ya siku hiyo tulitakiwa kubonyeza *#06# na kutuma namba inayotokea kwenda 15090. Kwenye simu za laini mbili zilitokea namba mbili. Nilikuwa kwa fundi Kariakoo mama mmoja alipomgeuzia kioo cha simu yake na kumuuliza atume ipi.

"Zote, mama," fundi alisema, akamwazima kalamu.