Jicho la Umeme na Swali la Mzazi

Walimu wanaofunzwa Kyambogo kuwasomesha vipofu hujifunza, pamoja na mengine, kazi ya vidole: zile nukta nundu alizozitunga Louis Braille huko Ufaransa mwaka 1824. Mafunzo hayo yalikuwa chini ya Taasisi ya Taifa ya Elimu Maalumu, hata mwaka 2003 ilipounganishwa na vyuo jirani kuwa Chuo Kikuu cha Kyambogo. Mzazi akimwuliza mwalimu wa namna hiyo kama ni kweli wataalamu wamepata jicho la umeme, jibu lake lataka historia kidogo.

Mwaka 1929 daktari Mjerumani, Otfrid Foerster, aligusa kwa umeme sehemu ya nyuma ya ubongo wa mgonjwa, naye akaona nuru isiyokuwapo. Mwaka 1967, Uingereza, Giles Brindley alimtilia bibi kipofu wa miaka 52 elektrodi 80 za platinamu, zilizoshikizwa katika mpira laini chini ya fuvu. Nyingi hazikufanya kazi. Zilizofanya zilimwonyesha vinukta vya mwanga, mfano wa vimulimuli mbali usiku. Kusoma kwa vimulimuli hivyo hakukuwezekana, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa.

Shida kubwa iliyofuata ni ya umbo. Jicho ni mviringo, na utando wake wa ndani, yaani retina, ni laini mno. Kifaa bapa na kigumu hakilali juu yake sawasawa: kingo huinuka, huchubua, na umeme haufiki unapotakiwa. Ndipo mwaka 2018, mjini Lausanne, Uswisi, Diego Ghezzi na wenzake walipotangaza POLYRETINA, utando wa polima unaokunjwa kama mkeka, ukapenyezwa katika tundu dogo, kisha ukakunjuka ndani na kuufuata mviringo wa jicho. Una vidoa 2,215 vigeuzavyo nuru kuwa umeme. Sioni ila kuusifu ufundi huo, ingawa kutoka maabara hadi jicho la mtu ni safari ndefu.

Tena kifaa huhitaji mtunzaji. Argus II, chenye elektrodi 60, kiliruhusiwa Marekani mwaka 2013. Mwaka 2019 watengenezaji wakaacha kukiunda, na watu waliokwisha kutiwa wakabaki nacho machoni bila uhakika wa fundi wala vipuri. Nukta nundu haziishiwi vipuri.

Ama kwa Uganda, mzazi aulizwe kwanza mwanawe alipofushwa na nini. Vifaa vya retina huwafaa wale ambao chembe zao za kupokea nuru zimekufa, ilhali neva ya jicho ingali hai. Trakoma, iliyowatesa watu wa Karamoja na Busoga, huikwaruza konea, kioo cha mbele, mpaka ikaingia ukungu. Na utando wa Lausanne ukiwekwa nyuma ya konea kama hiyo hauna nuru ya kugeuza.